Aliyetimiza Muda Wake Si Msaliti

Kila ufikapo mwezi wa Julai, ligi ikiwa imemalizika na viwanja vikiwa vimeachiwa nyasi zake, huanza msimu mwingine usio na refa wala filimbi, nao ni msimu wa usajili. Ndani yake hakuna bao linalofungwa, lakini ugomvi wake huzidi ule wa siku za mechi. Kuanzia vibaraza vya Magomeni na Chikongola hapa Mtwara mjini, hadi Mikindani, hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, ambako simu wakati mwingine hushika mtandao wa Msumbiji kabla ya kushika wa kwetu, mazungumzo huwa ni yale yale: nani amehama, amehama kwa shilingi ngapi, na nani amesaliti.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu wiki hii. Khiyana si neno jepesi katika dini yetu. Mtume wetu (S.A.W.) ameihesabu kuwa miongoni mwa alama za mnafiki, pamoja na uongo na kuvunja ahadi, na kila mtoto aliyepita madrasa anazijua alama hizo kwa mpangilio wake. Leo neno hilo hutupwa barazani kama ganda la korosho. Tunazijua nyumba mbili za ndugu wa tumbo moja, zote ziko hatua chache kutoka msikitini, ambazo tangu mwaka 2023 hazipelekeani hata sahani ya futari, kwa sababu mmoja alimwita mchezaji fulani msaliti, na mwenzake akamjibu kwamba yeye ni mtumwa wa klabu. Wote wawili hawajapata kukutana na mchezaji huyo, wala yeye hajui kama wao wapo duniani.

Mchezaji mwenyewe, kama wasomaji wengi watakavyokuwa wamekwisha kukisia, ni Feisal Salum Abdallah, kijana wa Kizanzibari ajulikanaye kwa jina la Fei Toto. Alitoka JKU ya Zanzibar na kujiunga na Yanga mwaka 2018. Alipendwa, akawa nguzo ya kiungo, na mkataba wake ulikuwa ufike ukingoni mwezi Mei 2024. Ghafla, mwezi Desemba 2022, aliwaaga Wananchi. Aliingiza katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunjia mkataba na milioni 12 zikiwa ni mishahara ya miezi mitatu, akahesabu kwamba ameshajikomboa. Klabu ilizikataa fedha hizo na kuzirudisha. Shauri lilifika katika kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, nayo mwezi Januari 2023 ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba uamuzi huo upitiwe upya, akakataliwa.

Miezi ikapita. Wenzake walivuka hatua baada ya hatua hadi wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, naye hayumo. Mchezaji wa umri wake akikaa nje nusu msimu ni sawa na mkulima aliyekosa mvua za vuli. Upande wa pili, klabu nayo ilikuwa na mchezaji kwenye karatasi asiyeonekana uwanjani. Kila upande ulikuwa na wakili wake, na kila upande ulikuwa na jeshi la mashabiki waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya kifungu cha mkataba ambacho hawakukisoma.

Katikati ya mzozo huo alijitokeza mama yake mzazi, akazungumza na waandishi wa habari kwa uchungu juu ya maisha ya mwanawe, na kauli yake kuhusu ugali na sukari ikaenea nchi nzima. Hatuna njia ya kupima ukweli wa kila lililosemwa na upande huu au ule, wala si kazi yetu. Tunachokijua ni kwamba maneno ya mama yule yaligeuzwa kuwa kichekesho. Watu wazima, wenye mama zao, wakawa wanaagizana ugali na sukari kwa mzaha, na watoto wakajifunza kutoka kwao. Lau kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo linastahili kuitwa aibu, kwetu sisi ni hilo, na halikufanywa na Feisal wala na uongozi wa klabu. Lilifanywa vibarazani.

Turejee kwenye mkataba. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inahusu kutimiza mikataba, na haikubagua mkataba wa ndoa na wa shamba, wala wa mpira. Mafakihi wanapozungumzia kumwajiri mtu kwa muda maalumu huliweka jambo hilo katika mlango wa ijara. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa mwambao tumelelewa nayo, na kwa mujibu wa jamhuri ya wanazuoni, ijara ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili. Mwajiri hawezi kumtoa mwajiriwa katikati ya njia kwa kuwa amemchoka, na mwajiriwa hawezi kuondoka kwa kuwa ameona ujira mnono zaidi kwa jirani. Wanazuoni wa Kihanafi wamefungua mlango mpana kidogo wa udhuru, lakini hata kwao kutamani mshahara mkubwa zaidi si udhuru. Kwa mizani hiyo, kijana aliyekosea njia ya kutokea haiwi sawa kwa kuwa tu alilipa. Fedha za kuvunjia mkataba humtoa mtu iwapo pande mbili zilikubaliana tangu mwanzo kwamba zitamtoa, na kwa masharti gani.

Lakini fiqhi haikuishia hapo, na huu ndio mlango ambao mabaraza yetu hayautaji kamwe. Uko mlango uitwao iqala. Maana yake ni kwamba mtu aliyefunga mkataba halali, kisha akajuta, humwendea mwenzake na kumwomba amfungulie. Mwenzake halazimiki. Anayo haki kamili ya kusema hapana. Hata hivyo, Mtume (S.A.W.) amemsifu anayekubali na kumbashiria kwamba Mwenyezi Mungu naye atamsamehe kuteleza kwake, na hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Daud. Hivyo sharia imeweka mambo mawili pamoja: nguvu ya mkataba, na fadhila ya kumwachia aliyebanwa nao. Mwenye kushika la kwanza na kulisahau la pili hajadhulumu, lakini amejinyima kheri kubwa.

Ukikitazama kisa cha Fei Toto kwa jicho hilo, utaona kwamba kilichokosekana kwa miezi sita hakikuwa sheria. Sheria ilikuwepo na ilitamkwa zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa upole, "naomba," na mtu wa kujibu kwa upole, "tuzungumze." Ilibidi jambo hilo lifike Ikulu. Mwezi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga baada ya fainali ile, aliwaomba viongozi walimalize suala la kijana huyo. Siku chache baadaye pande zote zilikuwa zimekubaliana na Feisal akatangazwa kuwa mchezaji wa Azam. Tunamshukuru Rais kwa busara yake, ingawa tunajiuliza ni nchi gani itakayoweza kuendelea ikiwa kila mkataba uliokwama utangoja chakula cha Ikulu. Msimu uliofuata kijana alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu, akizidiwa na Aziz Ki wa Yanga kwa mabao mawili tu. Yanga wakachukua ubingwa, na Azam wakamaliza wa pili. Kila mmoja alipata riziki yake, na hakuna aliyepungukiwa ila zile nyumba mbili za jirani zetu.

Wapo watakaosema: haya ni ya mchezaji aliyevunja mkataba, je, yule aliyeumaliza? Hapo ndipo lugha ya usaliti inapokosa hata kisingizio. Clatous Chama, Mzambia, aliitumikia Simba tangu mwaka 2018, akaenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Msimbazi Januari 2022, na mwezi Julai 2024, mkataba wake ukiwa umekwisha, akasaini Yanga. Alikuwa mchezaji huru. Hakuchukua kitu cha mtu. Hata hivyo tulisikia kwa masikio yetu, katika mji huu, mtu akimwombea dua mbaya kwa sauti kubwa, tena ametoka kuswali. Hali kadhalika Mghana Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 kwa mzozo uliofika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, ambako Yanga walishindwa. Mwaka 2022 Morrison huyo huyo akarudi Yanga, na waliokuwa wakimlaani wakaimba jina lake. Sasa zile laana zilikwenda wapi? Malaika walioziandika walizifuta siku ya utambulisho?

Katika Qur'an kuna mkataba wa kazi uliosimuliwa kwa ukamilifu ambao ungefaa usomwe katika kila ofisi ya klabu. Nao umo katika Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.), akiwa mgeni na mkimbizi katika nchi ya Madyan, alipewa kazi na mzee ambaye Qur'an haikumtaja jina, wafasiri wengi wanasema ni Nabii Shuaib, na wengine hawakubali. Mzee yule alimwambia muda wa kazi waziwazi: miaka minane. Akaongeza kwamba akitimiza kumi, hiyo itakuwa hiari yake Musa. Kisha akamhakikishia kwamba hakusudii kumtia mashakani. Musa naye akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asionewe, na wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wao. Yatazameni masharti hayo, ndugu wasomaji. Muda unajulikana. Nyongeza ipo, na imeachwa mikononi mwa mfanyakazi, si mikononi mwa mwajiri. Ahadi ya wema imetolewa mapema, na mwenye kuitoa ni yule mwenye nguvu zaidi. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akisema kwamba Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi. Kisha alipoumaliza, aliondoka na ahli yake akaelekea alikotaka. Hakuna palipoelezwa kwamba watu wa Madyan walisimama njiani wakimwita msaliti.

Vijana wetu wanaopenda mpira wa kikapu, ambao wanazidi kuongezeka mjini kwetu na ambao baba zao huwaona kama watu waliopotea njia ya kwenda uwanja wa mpira wa miguu, wametufundisha jambo jingine katika mjadala huu. Huko Marekani kijana anayeingia katika ligi kubwa ya mchezo huo hachagui timu yake ya kwanza. Timu huchagua vijana kwa zamu, na aliyechaguliwa huenda alikochaguliwa. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na timu ya Memphis. Mwaka 2011 Memphis wakampeleka Houston, na mwaka 2012 Houston wakampeleka Portland, kwa mabadilishano yaliyofanywa na mameneja. Mchezaji katika hali hiyo hupata taarifa, hufunga sanduku lake na kupanda ndege. Mwezi Julai 2012, mkataba ukiwa umemalizika, ndipo alipoweza kusaini Oklahoma City kwa uamuzi wake.

Huo wakati mmoja, ambapo mkataba umekwisha na mchezaji anaweza kusema anataka kwenda wapi, haukupatikana bure. Zamani mchezaji wa kikapu alibaki mali ya timu hata baada ya muda wake kwisha. Mwaka 1970 Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliifungulia ligi shauri mahakamani, na mwaka 1976 yakafikiwa makubaliano yaliyofungua mlango wa uhuru huo. Ulaya walichelewa zaidi: ni mwaka 1995 mahakama ilipompa haki Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda klabu nyingine bila klabu ya zamani kudai ada ya uhamisho. Kabla ya hapo mtu alimaliza muda wa Musa, na mzee wa Madyan akamfungia lango.

Nasi tuulize: timu inapombadilisha mchezaji kwa mchezaji mwingine, mke wake akiwa mjamzito na watoto wake wamekwisha kuandikishwa shule, mbona haiitwi msaliti? Klabu zetu wenyewe kila Juni hutoa orodha ya walioachwa, na mashabiki huisoma kwa furaha kama orodha ya zawadi. Wengine humo walicheza wakiwa majeruhi. Uaminifu unaodaiwa upande mmoja tu una jina jingine, nalo si zuri.

Katika kikapu hicho hicho yuko Mwislamu ambaye wazazi wangefanya vyema kuwasimulia watoto wao. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliichezea Houston kuanzia mwaka 1984 kwa misimu 17, akawapatia ubingwa miaka ya 1994 na 1995. Alikuwa akifunga Ramadhani na kucheza akiwa na saumu yake, na Februari 1995, mwezi ambao ulikuwa wa Ramadhani, akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Watu humtaja kama mfano wa mtu wa timu moja, na hawakosei sana. Lakini mwaka 1992 yeye huyo alikosana na uongozi wake hadi akaomba apelekwe kwingine. Walikaa, wakasuluhishana, wakaandikiana mkataba mpya, na mataji yakaja baada ya sulhu hiyo. Mwaka 2001, mwisho kabisa wa uchezaji wake, alihamia Toronto. Houston hawakumtukana, mwaka uliofuata waliitundika juu jezi yake namba 34 isivaliwe tena na mwingine. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyoagana.

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu watu wa Jangwani na Msimbazi ilhali tunao uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona. Ndanda FC, wana kuchele, walipanda Ligi Kuu na kuanza msimu wa 2014/15, wakakaa humo hadi waliposhuka mwaka 2020. Kwa miaka hiyo mji huu ulikuwa na timu yake. Lakini siku Simba au Yanga walipokuja, ukitazama majukwaani ungedhani uwanja umo Kariakoo: nyekundu huku, kijani na njano kule, na wenyeji wa Mtwara wakiwashangilia wageni dhidi ya watoto wa majirani zao. Mashabiki hao ndio wanaomwita Feisal msaliti. Mchezaji alikuwa na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mtu na mji wake wana mkataba gani, na unamalizika lini? Tena wale wanaojivunia utii wa jadi wangekumbuka kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na kama inavyosimuliwa na wazee wa Dar es Salaam, mwaka 1936 baadhi ya watu walijitenga nayo na kuanzisha timu ambayo baadaye ikaitwa Sunderland, na kuanzia mwaka 1971, Simba. Nusu ya nchi hii, basi, inashabikia timu iliyoanzishwa na watu waliohama.

Wavuvi wetu wa Msimbati wana adabu nzuri zaidi katika jambo hili. Baharia akitaka kuhama chombo hatoroki usiku. Husubiri bamvua lipite, mahesabu yafanywe, kila mtu apate fungu lake, na ijulikane kama kuna deni alilokopa kwa tajiri wakati wa kusi. Akishalipa au akishakubaliana namna ya kulipa, huaga. Tajiri anaweza kununa siku mbili, kwa kuwa baharia mzuri hapatikani kila siku, lakini hamwiti mwizi. Na baharia naye akiona chombo cha zamani kinazama, atakuwa wa kwanza kuruka majini kuwaokoa aliowaacha.

Tumeyaeleza yote haya kwa urefu kwa sababu suala hili halikubaki redioni. Limeingia katika nyumba zetu. Mzazi mmoja wa upande wa Mikindani alituletea karatasi baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe ana miaka 17, anacheza winga ya kushoto, na ni kweli kwamba ana kipaji. Alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa dalali wa wachezaji, akaahidi kumpeleka Dar es Salaam, akaacha karatasi ya kutiwa saini. Familia ilikuwa imekwisha kugawanyika. Mjomba alisema riziki imebisha hodi, aifungue nani? Kijana mwenyewe alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba huenda akapelekwa timu ambayo ni mahasimu wa timu aipendayo tangu utotoni. Mama peke yake ndiye aliyeuliza imeandikwa nini.

Imeandikwa hivi: muda ni miaka mitano. Malipo ni "kwa kadiri ya uwezo wa klabu". Jina la klabu limeachwa wazi. Nusu ya fedha zozote za uhamisho ni za dalali. Na kijana asipotimiza, mzazi atarudisha gharama zote, ambazo hazikutajwa.

Watu wa Mtwara hawahitaji kufundishwa karatasi ya namna hii ni kitu gani. Ni kangomba. Ni yule mnunuzi anayekuja miezi ya njaa, mikorosho ikiwa bado ina maua, akamkuta mkulima ana mtoto mgonjwa, akamwachia fedha kidogo leo ili achukue mzigo wote kesho kwa kipimo chake mwenyewe. Serikali imepiga vita kangomba ya korosho kwa miaka mingi. Hii ya miguu ya watoto inapita bila kizuizi barabarani. Katika fiqhi, ijara ambayo ujira wake haujulikani haisihi, na mwenye kutia saini mahali ambapo jina la upande wa pili liko wazi hajui hata anafunga mkataba na nani.

Wala si fiqhi peke yake. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo ile miaka mitano ya kijana wetu ilikuwa batili tangu wino haujakauka. Kanuni hizo hizo zinamruhusu mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Zinasema pia kwamba klabu isipomlipa mshahara kwa miezi miwili, mchezaji akaiandikia na kuipa siku 15, na bado isilipe, anayo sababu halali ya kuondoka. Waliohifadhi ile hadithi mashuhuri ya jasho la mfanyakazi watauona undugu wa mambo haya mawili. Na viongozi wa timu za mitaani nao wasikilize: mchezaji anapouzwa nje ya nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12. Timu isiyosajiliwa wala kutunza kumbukumbu za wachezaji wake haitapata kitu, hata kama ndiyo iliyomnunulia kijana viatu vya kwanza.

Kijana tulimwita pembeni. Kuhusu wasiwasi wake wa kupelekwa kwa mahasimu, tulimwambia kwamba mapenzi ya timu ni mchezo wa moyo, hayana dhambi wala thawabu maadamu hayakuvuka mipaka, lakini saini ni amana. Akisaini kwa mahasimu, awachezee kwa nguvu zake zote hadi siku ya mwisho, hata dhidi ya timu aipendayo. Akimaliza, aage. Alicheka, akasema anaogopa marafiki zake watamwitaje. Hatukuwa na jibu la haraka, kwa kuwa tunawajua marafiki zake na tunawajua baba zao.

Karatasi ile tumeirudisha kwa mwenyewe ikiwa na maswali, kwa msaada wa wakili mmoja ambaye ni muumini wa msikiti wetu na ambaye hakudai kitu: klabu ni ipi, mshahara ni shilingi ngapi na unalipwa tarehe ngapi, nani atalipia matibabu akivunjika, atasoma wapi, na kwa nini muda ni miaka mitano. Dalali aliahidi kurudi baada ya wiki moja. Wiki ya tatu sasa inakwisha. Kijana anaendelea na mazoezi yake kila jioni, na mama yake ameihifadhi nakala ya karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati.

Wakili huyo amekubali kukaa ofisi ya msikiti kila Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri kwa muda wote wa dirisha hili la usajili. Mzazi mwenye karatasi ya namna hiyo, iwe ya mpira wa miguu au wa kikapu, ya mvulana au ya msichana, ailete kabla ya kutia saini. Shabiki wa timu yoyote atapokewa.